Harambee Stars: Vigogo wa Cecafa wasiovuma Afrika

TIMU ya taifa ya kandanda ya Kenya, Harambee Stars, ni miongoni mwa vigogo wa Afrika Mashariki na Kati, lakini haijawahi kupita hatua ya makundi katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON).

Kenya imetwaa Kombe la Cecafa mara saba: 1975, 1981, 1982, 1983, 2002, 2013 na 2017. Ni Uganda pekee iliyolinyakua mara nyingi zaidi.

Barani, hata hivyo, mambo yamekuwa tofauti. Stars ilishiriki fainali za 1972, 1988, 1990 na 1992 bila kushinda mechi hata moja.

Ushindi wa kwanza ulipatikana Tunisia mnamo 2004. Baada ya kulazwa 3-1 na Mali kisha 3-0 na Senegal, vijana wa kocha Jacob 'Ghost' Mulee waliicharaza Burkina Faso 3-0 kupitia kwa Emmanuel Ake, Dennis Oliech na John Baraza.

Mashabiki walisubiri miaka 15 kushuhudia ushindi wa pili. Nchini Misri mnamo 2019, Stars ilitoka nyuma mara mbili na kuilaza Tanzania 3-2, Michael Olunga akifunga mawili na Johanna Omolo moja.

Kombe la Dunia halijawahi kufikiwa.

Vipaji havijakosekana. Mnamo 1987, Stars ilitinga fainali ya Michezo ya Afrika uwanjani Kasarani na kushindwa 1-0 na Misri.

Masaibu mengi yametokea nje ya uwanja, na mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Shirikisho la Soka Duniani (Fifa) liliipiga Kenya marufuku mnamo 2004, miezi michache tu baada ya ushindi wa Tunisia, kisha 2006 na 2022. Adhabu ya mwisho iliinyima Stars nafasi ya kuwania tiketi ya AFCON 2023.

Aidha, Kenya ilipokonywa uenyeji wa AFCON 1996 na wa CHAN 2018, dimba la wanasoka wanaocheza ligi za nyumbani.

Mnamo Agosti 2025, hatimaye iliandaa CHAN pamoja na Uganda na Tanzania. Stars iliishinda Morocco 1-0 na kufika robo-fainali, ambapo Madagascar iliibandua kwa penalti.

Mataifa hayo matatu ndiyo yaliyopewa uenyeji wa AFCON 2027.