Nani Aliulizwa? Historia Ndefu ya Ugomvi wa Kutafuta Mtoto

Huko Kültepe, karibu na mji wa Kayseri nchini Uturuki, wachimbuaji wa mambo ya kale walifukua maelfu ya vibao vya udongo vilivyoandikwa na wafanyabiashara wa Kiashuri karibu miaka 4,000 iliyopita. Vingi ni barua na hesabu za bati, vitambaa na fedha. Kimoja ni mkataba wa ndoa. Mume anaitwa Laqipum, mke anaitwa Hatala. Wamekubaliana kwamba mke asipompatia mumewe mtoto ndani ya miaka 2, ni yeye mke atakayenunua mjakazi. Mtoto akishapatikana, mjakazi huyo anaweza kuuzwa popote. Na atakayemwacha mwenzake, awe mume au mke, atalipa mina 5 za fedha.

Kibao hicho kidogo kimebeba karibu ugomvi wote ambao wanandoa wamekuwa nao tangu siku hizo. Kuna hofu ya kukosa mtoto, kuna muda uliowekwa, kuna mtu wa tatu anayeingizwa ndani, na kuna suala la nani mwenye kauli. Hatala amepewa kauli kidogo. Mjakazi hata jina hana. Wala hakuna neno linalogusia kwamba huenda kasoro iko kwa Laqipum.

Sheria za Hammurabi wa Babeli, za karibu mwaka 1750 kabla ya Kristo, zinafuata mkondo huohuo. Mume akimwacha mke wa kwanza kwa kuwa hakumzalia, sharti ampe fedha sawa na mahari na amrudishie mali aliyokuja nayo kutoka kwao. Mjakazi aliyetolewa na mke ili azae, akizaa kisha akajiona sawa na bibi yake, hauzwi, lakini anaweza kurudishwa kundini na watumwa wengine. Msomaji wa Biblia atamkumbuka Hajiri hapo, alivyotolewa na Sara mwenyewe, akashika mimba, akamdharau bibi yake, akateswa hadi akakimbilia jangwani. Atamkumbuka na Raheli, aliyemwambia Yakobo ampe watoto la sivyo atakufa, na Yakobo akamjibu kwa hasira kwamba yeye si Mungu aliyemnyima uzazi. Sijui simulizi ya kale inayoonyesha kwa ukweli kuliko hiyo jinsi mume na mke wanaopendana wanavyoweza kuumizana kwa jambo ambalo hakuna kati yao aliyelitaka.

Kwetu Afrika Mashariki njia zilikuwa nyingi. Kwa Wakurya wa Mara, mwanamke aliyekosa mtoto, au aliyekosa wa kiume, aliweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, na ndoa hiyo huitwa nyumba ntobhu. Msichana huzaa na mwanamume anayekubalika, na watoto huwa wa nyumba ya yule mama. Wanandi wa Kenya wana ndoa ya namna hiyo, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua katika kesi ya mirathi, ikamhesabu aliyeolewa na mwanamke mwenzake kuwa na haki ya kurithi pamoja na wanawe. Kwa mama asiye na mtoto mila hii ilikuwa ngao ya kweli. Ilimkinga na masimango ya mawifi, na ilimkinga na mashemeji waliokuwa wakingoja afe wagawane mashamba. Lakini ng'ombe walikwenda kwa baba wa msichana, na wapo mabinti walioingia nyumba hizo wakiwa bado wadogo, bila kuulizwa wanamtaka nani. Ngao ya mmoja ilishikwa na mikono ya mwingine asiye na kauli, kama kule Kültepe.

Pwani, penye sheria ya Kiislamu, walisema kitanda hakizai haramu. Mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa mwenye kitanda, basi, na maneno yaishie hapo. Naamini kanuni hiyo imewasitiri wanaume wasio na uzazi wengi kuliko tunavyokubali kusema hadharani. Mke yeye hakusitiriwa. Alinyweshwa kombe, akavishwa hirizi, akatibiwa chango, akazungushwa kwa mganga wa pili na wa tatu, na mimba isipokuja mume akaongeza mke. Wa pili naye asipozaa, wote wawili wakaitwa tasa.

Sayansi iliziona mapema mbegu za mwanamume, lakini hilo halikubadilisha tabia upesi. Antonie van Leeuwenhoek wa Delft aliziona mbegu za kiume kwa darubini mwaka 1677. Yai la mnyama anyonyeshaye lilionwa na Karl Ernst von Baer miaka 150 baadaye, mwaka 1827. Mwishoni mwa karne ya 18, daktari John Hunter wa London alikuwa amemwelekeza mume mwenye hitilafu ya njia ya mkojo jinsi ya kutumia bomba la sindano kumpandikizia mkewe mbegu zake mwenyewe, na mimba ikashika.

Kisha ikaja Philadelphia, mwaka 1884. Mfanyabiashara tajiri na mkewe walikwenda kwa Profesa William Pancoast wa chuo cha tiba cha Jefferson. Mke ndiye aliyepimwa kwanza, kwa marefu na mapana, na hakuonekana na kasoro. Ndipo mume alipochunguzwa, ikabainika kwamba hana mbegu hata moja, kwa sababu ya kisonono cha ujanani. Mke akaitwa tena kana kwamba ni kwa uchunguzi mwingine. Akalazwa, akavutishwa dawa ya usingizi mbele ya wanafunzi sita, na mbegu za mmoja wao, yule waliyemwona ana sura nzuri kupita wenzake, zikaingizwa kwa bomba la mpira mgumu. Hakuambiwa kitu. Mumewe aliambiwa baadaye, akaridhika, akaomba jambo moja tu, mkewe asijue kamwe. Habari hiyo ilitoka mwaka 1909, pale mmoja wa waliokuwamo chumbani, Addison Davis Hard, alipoiandika katika jarida la madaktari, akaeleza kwamba mtoto yule sasa ni kijana mwenye shughuli zake. Daktari, mume na wanafunzi, wote walijua. Mwenye tumbo alilala usingizi.

Serikali za kikoloni nazo ziliuingilia uzazi wa watu. Nchini Uganda, daktari wa jeshi Kanali F. J. Lambkin alitangaza mwaka 1908 kwamba kaswende imeenea kiasi kwamba Waganda wangeweza kumalizika, na miongoni mwa sababu akataja uhuru ambao wanawake walikuwa wameupata. Baadaye wataalamu walionyesha kwamba sehemu ya alichokiona huenda haikuwa kaswende ya zinaa hata kidogo. Lakini ukosefu wa watoto katika Afrika ya Kati ulikuwa wa kweli. Uchunguzi wa Wabelgiji wa 1955 hadi 1957 ulikuta wilaya za kaskazini mwa Kongo ambako zaidi ya robo ya wanawake waliopita umri wa kuzaa hawakuwahi kuzaa. Shirika la Afya Duniani lilipochunguza maelfu ya wanandoa katika nchi 25 kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, lilikuta kwamba kusini mwa Sahara chanzo kikubwa ni maambukizo yanayoziba mirija, mara nyingi kisonono na klamidia, au homa baada ya uzazi na mimba kuharibika. Maana yake ni kwamba huenda wanawake wengi walioachwa kwa utasa waliupata ugonjwa huo ndani ya ndoa zao, kutoka kwa waume waliowaacha.

Mtoto wa kwanza wa kutungishwa nje ya mwili alizaliwa Oldham, Uingereza, Julai 25, 1978, kwa kazi ya Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy. Dini nazo zilijibu. Al-Azhar mwaka 1980 iliruhusu njia hiyo kwa mume na mke walio ndani ya ndoa, ikakataza mbegu au yai la mtu mwingine. Vatikani ilikataa kabisa mwaka 1987. Iran, kwa fatwa ya Ayatollah Khamenei ya 1999, ilifungua mlango wa mchangiaji.

Mwaka 1992 huko Brussels madaktari walitangaza njia ya kudunga mbegu moja tu ndani ya yai. Hili huwa halitiliwi uzito unaostahili. Kabla ya hapo, mwanamume aliyekubali kupimwa alikuwa akienda kusomewa hukumu isiyo na rufaa, kwa kuwa tiba pekee ya wengi wao ilikuwa mbegu za mwanamume mwingine. Kukataa kwake kupimwa kulikuwa dhuluma kwa mke, lakini kulikuwa na sababu. Leo sababu hiyo imepungua sana, ila kukataa kumebaki, ingawa karibu nusu ya matatizo ya uzazi katika ndoa yanamhusu mume pia.

Kijusi kilipoweza kugandishwa, ugomvi ulihamia mahakamani. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ya Tennessee, Marekani, ilimpa ushindi mume aliyekataa vijusi 7 vilivyobaki baada ya talaka vitumike. Israeli ilikata kinyume mwaka 1996, kwa majaji 7 dhidi ya 4, ikimpa haki mke ambaye hakuwa na kizazi tena kwa sababu ya saratani. Uingereza, mwanamke aliyetolewa ovari zote mbili aliachana na mchumba wake mwaka 2002. Mchumba akaiandikia kliniki iharibu vijusi 6 walivyoviweka. Mwaka 2007 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilimkatalia mwanamke yule, kwa majaji 13 dhidi ya 4, kwa kuwa sheria ya nchi yake ilitaka ridhaa ya wote wawili hadi siku ya kupandikiza. Nimewaza sana juu ya kesi hiyo, na bado naona mahakama haikukosea, ingawa yule mama alipoteza nafasi yake ya mwisho ya kuzaa mtoto wa damu yake.

Kampala ilipata watoto wake wa kwanza wa kutungishwa nje ya mwili mwaka 2004, Nairobi mwaka 2006. Mzunguko mmoja unakula laki kadhaa za shilingi za Kenya, na wapo wanaouza kiwanja kuulipia. Kliniki zilifunguliwa kabla ya sheria. Nchini Kenya mbunge Millie Odhiambo ameupigania kwa miaka muswada wa teknolojia ya uzazi. Mjadala wetu hukwama kwenye swali la nani anaruhusiwa kutumia njia hizi. Mimi ningependa sheria ianze na ridhaa. Mume aulizwe baada ya kupimwa, si kabla. Anayebeba mimba ya wengine aulizwe akiwa na wakili wake, wala si wakili wa wanaomlipa. Wote waandike mapema vijusi vitakuwa vya nani ndoa ikivunjika. Na mke aulizwe peke yake, mama mkwe akiwa nje ya mlango.