Jeshi gani la kuanza nalo? Vita vya Kasongo juu ya meza ya mchezo

Ulaya na Marekani kuna watu wazima wanaocheza vita juu ya meza. Wananunua sanamu ndogo za askari, fupi kuliko kidole gumba, wanazipaka rangi kwa mkono na kuzipanga kwenye meza yenye milima na mito ya kutengeneza. Hatua hupimwa kwa rula, na dadu ndiyo inayoamua nani amepigwa na nani amepona. Mchezo huo ulianza kama somo la maofisa wa jeshi la Prussia, waliopewa kanuni za Reisswitz mwaka 1824. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells aliuandikia kitabu ili raia nao wacheze.

Wakaaji wengi wa Kasongo na Kabambare huenda hawajasikia kwamba vita vya babu zao navyo vimo katika mchezo huo. Kampuni ya Uingereza, Wargames Foundry, imetengeneza sanamu za vita vya Afrika ya karne ya 19: askari wa mfalme Leopold wa Pili, na pia Waungwana wa Tippu Tip na wenzake. Mtu aliye mbali sana na mto Lualaba anaweza kuiteka Kasongo baada ya chakula cha jioni.

Anayeanza huuliza swali moja kwanza: nichague jeshi gani? Wazoefu humjibu kwa mambo matatu. Achukue jeshi lenye askari wachache, ili asimalize pesa. Achukue lenye mavazi ya namna moja, ili rangi isimchoshe. Na achukue lenye nguvu ya wazi, ili akikosea asishindwe mara moja. Mashauri hayo ni mazuri. Lakini yakipimwa kwa vita vya 1892 hadi 1894, yanaonyesha jambo ambalo meza inalificha.

Jeshi la kwanza ni Force Publique ya Leopold, chini ya Mbelgiji Francis Dhanis. Lilikuwa na askari mia chache tu wa kawaida, sare ya buluu, tarbushi nyekundu, bunduki za kisasa na mzinga wa Krupp. Kwa mchezaji mpya hakuna jeshi jepesi kuliko hilo: ni dogo, linapakwa rangi upesi, na linapiga mbali.

Jeshi la pili ni la Waungwana, chini ya Sefu, mtoto wa Tippu Tip. Baba yake alikuwa amekwisha kurudi Zanzibar. Watu wa Sefu walikuwa maelfu, wengi wao wakiwa na magobori, na walijua sana kupigana nyuma ya boma. Mchezaji hulazimika kununua sanamu nyingi na kungoja adui amkaribie.

Jeshi la tatu ni la Gongo Lutete, mkubwa wa Ngandu upande wa Lomami. Hilo ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu hakuna anayejua aliweke upande gani wa meza. Gongo Lutete alikuwa mtu wa Tippu Tip, na kwa ajili yake aliteka vijiji na watu. Mwaka 1892, baada ya kupigwa na Dhanis, alifanya naye mapatano. Tangu hapo maelfu ya watu wake walitembea pamoja na wale askari mia chache wa tarbushi nyekundu. Bila wao Dhanis asingefika Lualaba.

Walifika. Nyangwe ilitekwa tarehe 4 Machi 1893, baada ya jeshi kuvuka mto kwa mitumbwi ya Wagenia. Kasongo ilianguka tarehe 22 Aprili. Daktari Mwingereza Sidney Hinde, aliyekuwa katika jeshi hilo, aliandika kwamba askari wa kawaida walilala juu ya magodoro ya hariri, na kwamba mji ulizungukwa na mashamba makubwa ya mpunga na mazao mengine. Wenye mashamba walikuwa wamekimbia. Mahali pa mji ule leo panaitwa Tongoni, na jina lenyewe linasema: ni mahali pa mahame.

Mwezi Septemba 1893 Gongo Lutete alishitakiwa usaliti na maofisa wa Leopold, akapigwa risasi Ngandu. Mwishoni mwa mwaka huo Sefu alikufa vitani. Januari 1894 Rumaliza wa Ujiji alishindwa, na Kabambare ikatekwa. Juu ya meza mchezo umekwisha, na sanamu zinarudishwa ndani ya sanduku.

Kwa watu wa Maniema haukuisha. Watu wa Gongo Lutete walikuwa wameingizwa katika Force Publique, na kifo cha mkubwa wao hawakukisahau. Julai 1895 askari wa Luluabourg, ndiyo Kananga ya leo, waliasi. Mwaka 1897 wakaasi askari wa msafara wa Dhanis mwenyewe uliokuwa ukielekea Nile. Walirudi kusini wakipigana, na mwezi Novemba 1898 waliiteka Kabambare. Kwa hiyo katika muda usiofika miaka mitano mji mmoja ulishikwa na Waungwana, ukashikwa na jeshi la Leopold, kisha ukashikwa na askari walioliasi jeshi hilo hilo. Mwanakijiji aliyetazama kutoka msituni aliona bunduki za namna ile ile zikija mara ya pili, na kila mara debe lake la mahindi ndilo lililochukuliwa.

Huyo ndiye sanamu inayokosekana. Kanuni huhesabu risasi na hatua, lakini majeshi yale yote yalikula mashambani mwa watu, na ndui ilitembea nayo. Familia zilizohama vijiji vya Kabambare katika miaka hii hazihitaji kuelezwa maana ya hesabu hiyo.

Kijana anayetaka kujifunza historia hii kwa mchezo haitaji kununua kitu. Achore Lualaba na Lomami chini kwa kijiti. Punje za mahindi ziwe Waungwana, maharagwe yawe tarbushi nyekundu, karanga ziwe watu wa Gongo Lutete. Katika kila kijiji aweke mawe madogo kumi: hicho ni chakula. Kila jeshi likilala kijijini, linaondoa mawe mawili. Mawe yakiisha, kijiji kinahama, na jeshi halipati tena chakula hapo. Karanga zianze pamoja na mahindi, kisha zihamie kwa maharagwe, na mwishowe zigeuke na kuyapiga maharagwe.

Wacheze mara tatu, kila mara mtoto akishika jeshi lingine. Mara ya nne mmoja wao apewe vijiji peke yake, na kazi yake iwe moja: kuona ni mawe mangapi yatabaki mwisho wa vita.