Barafu Ilisingiziwa

Kuna hadithi inayorudiwa karibu kila mtu anapoandika juu ya mifereji ya Uingereza: ikaja baridi ya 1963, maji yakaganda, biashara ya boti ikafa. Fupi, tamu, inakaa vizuri mdomoni. Mimi siikubali. Hebu tuanzie ndani ya boti yenyewe, tuone watu wake waliikabili vipi baridi.

Boti hizi zilikuwa nyembamba kweli kweli: upana futi 7 tu, kwa sababu malango ya maji ya mifereji mingi ya katikati ya nchi yalijengwa karne ya 18 kwa kipimo hicho. Urefu, futi 70 hivi. Karibu yote hiyo ni nafasi ya shehena. Baba, mama na watoto walibakiwa na chumba cha futi kama 10 kule kwenye tezi: kitanda kinakunjwa asubuhi, mlango wa kabati unashushwa unakuwa meza. Hali hiyo ilimfanya George Smith wa Coalville apige kelele mpaka ikatungwa sheria ya 1877, boti zisajiliwe na idadi ya wanaolala humo iwekewe mpaka.

Sasa baridi inakaribia. Kwanza jiko la chuma: bomba la moshi lisafishwe, makaa ya mawe yawepo ya kutosha. (Na boti ikiwa imebeba tani kadhaa za makaa hayo hayo, nani angehesabu kila bonge?) Halafu maji. Mfereji ukiganda, bomba la ukingoni nalo huganda, kwa hiyo zile kopo za maji juu ya paa, zilizochorwa mawaridi na majumba, zilijazwa mapema. Unga, chai, mafuta ya taa. Kamba zilizolowa zisiachwe nje, maana asubuhi zinakuwa ngumu kama fimbo.

Kilichotisha zaidi ni mbao. Sisi wengine barafu tunaijua ya kwenye glasi, haina madhara. Ile ya mfereji, boti inapoipasua, kingo zake hula ubao kama msumeno pale pale kwenye mstari wa maji. Ndiyo maana boti za mbao zilipigiliwa mabamba ya chuma upande wa omo. Mbele ilitangulia boti ya kuvunja barafu: farasi wanaivuta kwa nguvu, na juu yake wanaume wamepanga mstari, wameshika chuma kilichopita katikati, wanaiyumbisha kushoto kulia ili ivunje njia. Kazi ya hatari hiyo. Nyuma yake boti zinafuatana haraka kabla maji hayajafunga tena.

Kwa nini haraka? Kwa sababu malipo yalikuwa ya safari na tani. Boti isipokwenda, hakuna hela. Na aliyelipwa ni nahodha. Mkewe na watoto, waliofungua malango na kushika usukani, walikuwa ndani ya malipo hayo hayo. Leo mwenye boti ya kuishi anatoa maji kwenye mabomba, anajaza tangi la dizeli, anaweka dawa ya kuzuia kuganda kwenye injini, kisha anakaa kusubiri. Hata L.T.C. Rolt, ambaye kitabu chake *Narrow Boat* cha 1944 kiliwafanya wasomaji wengi waipende mifereji, aliishi ndani ya boti yake Cressy bila riziki yake kutegemea shehena. Kwa familia za mizigo, kila siku ya barafu ilikuwa siku ya kula akiba, kama ipo.

Lakini walishaizoea. Mwaka 1895 mifereji iliganda kwa wiki nyingi. Mwaka 1947 makaa yalikwama nchi nzima mpaka umeme ukakatwa. Barafu ikayeyuka, boti zikarudi kazini. Mbona 1963 hazikurudi?

Angalia tarehe. Baridi ilianza siku moja baada ya Krismasi ya 1962. Tarehe 1 Januari 1963, maji yakiwa yameshaanza kuganda, bodi mpya ya serikali ikakabidhiwa mifereji pamoja na boti. Barabara kuu ya M1 ilikuwa imefunguliwa 1959, malori yanapita. Sheria ya hewa safi ya 1956 ilishaanza kupunguza moshi wa makaa mijini. Wateja walikuwa wanaondoka tayari. Barafu ilipoyeyuka mwezi Machi, bodi ilikuwa na sababu ya kufunga mahesabu, na mwaka huo huo ikaachana na sehemu kubwa ya boti zake za mizigo. Barafu haina wakili, ikabebeshwa lawama.

Familia chache zilibaki na wabebaji binafsi. Mpaka 1970 zilikuwa bado zinapeleka makaa kwenye kiwanda cha jamu huko Southall, magharibi mwa London, msimu wa baridi baada ya msimu wa baridi.