Buti la gari likigoma kufunguka: Hatua za kufuata kabla ya kulivunja

WAMILIKI wengi wa magari madogo hawalikumbuki buti mpaka siku linapogoma kufunguka. Siku hiyo ndipo inapobainika kuwa tairi la akiba, jeki, spana ya magurudumu na alama za pembetatu za tahadhari vyote vimefungiwa ndani, na gari lililopata pancha haliwezi kusogea.

Kwa mkazi wa Lipangalala, moja ya kata za mji wa Ifakara mkoani Morogoro, jambo hilo si dogo. Safari ya kutoka Ifakara hadi Mikumi ni ya takriban kilometa 100, na anayevuka Daraja la Magufuli kuelekea Ulanga au Malinyi huweza kukaa muda mrefu bila kuona gereji. Gari dogo katika Bonde la Kilombero hubeba mpunga, samaki, na mara nyingine mgonjwa na vitu vyake kuelekea Hospitali ya Mtakatifu Fransisko.

Mazingira ya bonde hilo nayo huchangia tatizo. Wakati wa kiangazi, gari linalokwenda kasi kwenye barabara ya udongo huvuta vumbi nyuma yake, nalo hujipenyeza kwenye tundu la ufunguo na kwenye kitasa. Masika yanapofika, maji na tope hugeuza vumbi hilo kuwa ugoro mgumu, na kutu hufuata. Gari lililowahi kuingia maji ya mafuriko ndilo lililo hatarini zaidi.

Kujua kilichoharibika

Hatua ya kwanza ni kutambua ni mfumo upi uliokufa. Magari mengi ya saluni yaliyotumika kutoka Japani, kama Toyota Corolla na Carina, hufunguliwa buti kwa njia mbili: ufunguo, au wenzo mdogo ulio sakafuni pembeni ya kiti cha dereva. Wenzo huo huvuta waya uliopita chini ya kapeti hadi nyuma, na waya huvuta kitasa kiachie. Magari mengine hutumia swichi ya umeme au remoti.

Wenzo wenyewe hutoa habari. Ukivutwa ukawa mwepesi usio na uzito wowote, waya umekatika au umechomoka. Ukiwa mgumu kupita kawaida, waya ni mzima lakini kitasa kimeganda au kimebanwa. Ukivutika kama siku zote bila buti kuachia, huenda waya umelegea tu.

Kwa gari la swichi, betri ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Betri ikiwa imekufa, swichi haifanyi kazi hata kama kitasa ni kizima, na dawa yake ni kuichaji au kuibusti kwa gari jingine. Betri ikiwa nzima, fyuzi ikaguliwe. Aidha, yapo magari ambayo wenzo wake unaweza kufungwa kwa ufunguo ili mwoshaji au mlinzi asifungue buti. Dereva ahakikishe kuwa haukufungwa hivyo.

Njia zisizoharibu kitu

Mara nyingi kinacholizuia buti ni mzigo. Gunia lililosukumwa kwa nguvu huinua mlango kutoka ndani na kuikaza ndoano ya kitasa. Hapo watu wawili wanatosha: mmoja avute wenzo na kuushikilia, mwingine akandamize mlango wa buti kwa viganja juu ya kitasa, kisha auachie ghafla. Zoezi hilo lirudiwe mara kadhaa. Likishindikana, mmoja aendelee kukandamiza wakati mwingine akizungusha ufunguo.

Ufunguo usiozunguka haupaswi kulazimishwa, kwa kuwa ukikatikia ndani tatizo huwa mawili. Tundu linyunyiziwe mafuta mepesi ya kulegeza kutu, ufunguo uingizwe na kutolewa mara nyingi, kisha lipewe dakika kadhaa kabla ya kujaribu tena. Mafuta ya kula hayafai, kwani baadaye huganda na kunasa vumbi.

Iwapo wenzo umekuwa mwepesi, kifuniko cha plastiki kilicho pembeni ya kiti hufunguliwa na ncha ya waya kutafutwa. Ikiwa umekatikia hapo mbele, kipande kilichobaki hushikwa kwa plaizi na kuvutwa taratibu. Kama waya umekatikia nyuma, kuvuta hakutasaidia.

Kupitia kiti cha nyuma

Njia inayofuata ni kuingia butini kupitia ndani ya gari. Baadhi ya viti vya nyuma hulala kwa kuvuta kishikio. Visivyolala hufunguliwa: sehemu ya kukalia huinuliwa kwa mbele ili iachie vibanio vyake, kisha bolti za chini za egemeo hutolewa na egemeo kusukumwa juu litoke kwenye ndoano zake. Fundi aliyezoea hufanya kazi hiyo bila kuharibu chochote.

Nyuma ya egemeo, baadhi ya magari yana ukuta wa bati wenye matundu na mengine yako wazi. Kwa tochi na bisibisi ndefu, fundi hutafuta mkono mdogo wa kitasa ambao waya hunasa, na kuusukuma upande ule ule ambao waya ungeuvuta.

Kwa magari yenye mlango mkubwa wa nyuma, kama Vitz, IST au Noah, kazi ni rahisi zaidi. Mtu hupanda ndani na kubandua ubao wa plastiki ulio upande wa ndani wa mlango, na kitasa huonekana.

Kutoboa kitasa kwa drili ni hatua ya mwisho. Kukata kwa moto wa gesi kusifanyike kabisa, kwa sababu tangi la mafuta la magari mengi ya saluni liko chini ya kiti cha nyuma au karibu na buti. Mwenye gari aende kwa fundi akiwa na kadi ya gari. Fundi mwaminifu hafungui buti la mtu asiyemjua.

Mtoto akiwa ndani

Hatua hizo zote za subira hazihusu buti lenye mtu ndani. Watoto wanaocheza kwenye magari yaliyoegeshwa huweza kujifungia, na joto la buti juani hupanda haraka. Nchini Marekani, watoto 11 walikufa ndani ya wiki chache za mwaka 1998 katika matukio matatu ya aina hiyo. Kilio hicho, pamoja na kampeni ya Janette Fennell aliyetekwa na kufungiwa butini mwaka 1995, vilizaa sheria iliyoanza Septemba 2001 ya kuweka ndani ya buti la kila gari jipya kishikio cha kujifungulia, kinachoonekana gizani.

Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana kishikio hicho. Kwa hiyo mtoto akifungiwa na ufunguo ukagoma, kiti cha nyuma king'olewe mara moja bila kujali hasara, huku mtu mmoja akizungumza naye kumtuliza, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe simu namba 114. Ni busara pia kuyafunga milango magari mabovu yaliyotelekezwa uani.

Baada ya kufunguka

Buti lililofunguka lisifungwe tena kabla ya majaribio. Ndoano ya kitasa isukumwe kwa bisibisi hadi ijifunge huku mlango ukiwa juu, kisha wenzo uvutwe na ufunguo uzungushwe. Isipoachia, mlango ufungwe kwa kamba hadi ukarabati ukamilike.

Baada ya hapo kitasa kisafishwe na kupakwa grisi nyepesi, waya uliochakaa ubadilishwe, na mpira wa pembeni unaopitisha vumbi na maji uwekwe mpya. Anayejiandaa kwa safari ndefu alifungue buti lake kwa njia zote mbili kabla ya kuondoka, na mpaka litengenezwe, jeki na spana vikae chini ya kiti, si butini.