Nasaba ya Siti binti Saad

Watu wa Tanga wanapohesabu watunzi wao, aghalabu huanza na Shaaban Robert wa Machui, wakateremka hadi kwa Shakila Saidi wa Pangani na magitaa ya Black Star na Lucky Star, wala si rahisi kumsikia mmoja wao akimtaja Siti binti Saad, kwa kuwa Siti ni wa Unguja, na Unguja haijapungukiwa na watu wa kumdai. Hata hivyo nasaba yake ikifuatwa upande wa kuukeni, njia huvuka bahari ikafika mrima huu wetu, katika nchi ya Wazigua.

Alizaliwa kijijini Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880. Babaye, Saad, alikuwa Mnyamwezi wa asili ya Tabora. Mamaye alikuwa Mzigua wa asili ya Tanga. Na wote wawili walizaliwa Unguja, hata makabila yao wakayarithi kama mtu anavyorithi jina la babu asiyepata kumwona. Namna Wazigua walivyofika visiwani ni habari ya huzuni. Katika miaka ya 1830 njaa kubwa iliikumba nchi yao, nao wakashuka pwani kutafuta chakula, na wengi miongoni mwao wakaupoteza uhuru wao kwa ajili ya tumbo: wako waliopakiwa majahazini wakapelekwa Somalia, ambako wajukuu wao kando ya mto Juba wangali wakisema Kizigua hata leo, na wako waliofikishwa Unguja, palipokuwa na mashamba ya karafuu yasiyoshiba mikono ya watu. Wanyamwezi nao walijulikana pwani yote kwa misafara ya pembe, wengine wakija kama wapagazi huru, wengine kama mateka.

Mtoto wa Fumba alipewa jina la Mtumwa, na jina hilo laeleza hali ya nyumba aliyozaliwa. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa tangu 1873, na amri ya kuufuta utumwa wenyewe ikatoka 1897, yeye akiwa msichana aliyekwisha pevuka. Lakini macho ya watu hayageuki kwa amri ya Sultani, na heshima ambayo sheria haikuweza kumpa ilimbidi aitafute mwenyewe. Mamaye alikuwa mfinyanzi. Binti aliutwaa mzigo wa vyungu kichwani, akaenda navyo kwa miguu akivitembeza, na badala ya kunadi kama wachuuzi wengine aliimba, hata mnunuzi akaijua sauti kabla ya kumwona mwenye sauti. Hicho ndicho chuo cha kwanza alichosoma, maana chuo kingine hakukipata.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko Ali Muhsin alimfundisha kuimba na kupiga udi, kisha akajiunga na mafundi ambao majina yao hayafai kupitwa haraka: Subeti Ambar, Buda Suwedi, Mbaruk Talsam na Mwalimu Shaaban. Taarabu ilikuwapo Unguja kabla yao, tangu Sultani Barghash alipompeleka Muhammad Ibrahim Misri akajifunze ganuni. Lakini ilikuwa burudani ya majumba ya wakubwa, na maneno yake yalikuwa ya Kiarabu. Siti na wenziwe waliiimba kwa Kiswahili, na habari walizoziimba zilikuwa zile zilizokuwa zikisemwa barazani na visimani, mathalani ule wimbo wa Kijiti, unaohusu mwanamke mgeni aliyeuawa na muuaji wake akatoroka. Na kwa kuwa nyimbo hizo zilitungwa kwa kushauriana, yafaa tumwite Siti mtunzi miongoni mwa watunzi, jambo ambalo kwangu halimpunguzii kitu.

Mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice iliwachukua mpaka Bombay kurekodi. Santuri ya siku hizo ilibeba kama dakika tatu kwa upande mmoja, na wimbo wa taarabu, uliozoea kurefuka kwa kadiri ya raha ya wasikilizaji, ilibidi ukatwe kwa kipimo cha santuri. Lakini santuri zilifika mahali ambapo yeye mwenyewe hakukanyaga, na watu wa mrima wasiopata kuonana naye wakazihifadhi nyimbo zake.

Je, alikuwa nani? Swali hili huulizwa kila mtunzi anapozaliwa baina ya watu wawili. Sofia Gubaidulina, mtunzi mkubwa wa muziki aliyezaliwa mwaka 1931 huko Chistopol, kwa baba Mtatari na mama Mrusi, alilijibu kwa kuzishika asili zote mbili. Siti hakuwa na nafasi hiyo, kwa maana Unyamwezi na Uzigua alivyoachiwa vilikuwa vimekwisha pita katika utumwa, na aliyemkumbusha nasaba yake aghalabu alikusudia kumdhalili. Ndipo alipojijengea nasaba ya tatu kwa lugha, na waliomwita Siti, yaani bibi mwenye heshima, waliikiri.

Aliyeyaelewa hayo kuliko wote alikuwa mtu wa Tanga. Shaaban Robert, ambaye wazee wake walikuwa Wayao naye akajiita Mswahili bila kigugumizi, alionana na Siti katika siku za mwisho za uhai wake, naye Siti akafariki Julai 1950. Wasifu aliouandika ulichapishwa mwaka 1958, na kwa maoni yangu ni katika vitabu vyake vilivyo bora, kwani hakuificha asili ya bibi huyu wala hakuifanya kuwa ndiyo hukumu yake.

Santuri za zamani zingali zimelala katika masanduku ya nyumba za Tanga, Pangani na Mkinga, nyingi zimepasuka na nyingine zimeliwa na unyevu wa pwani. Mwenye nayo asiitupe wala asiiuze kwa mpita njia: na aipeleke kwa wanaojua kuinakili sauti yake, ingali inasikika.