Wazee Waliosahauliwa Vitandani

Uzee si ugonjwa. Neno hili ni jepesi kutamkwa, lakini nchi ya Uingereza, pamoja na hospitali zake nyingi na waganga wake hodari, ilichukua muda mrefu kulifahamu. Mmoja wa wale waliosaidia sana kulifahamisha alikuwa mwanamke, Daktari Marjory Warren.

Tangu sheria ya maskini ya mwaka 1834, mzee aliyeishiwa nguvu na mali mara nyingi hakuwa na kimbilio ila nyumba ya maskini. Maisha ya nyumba hizo yalifanywa magumu kwa makusudi, ili mwenye nguvu asitamani kukaa humo kwa kuikimbia kazi. Hivyo mzee, ambaye kazi ndiyo iliyomkimbia, aliingia katika adhabu iliyokusudiwa mvivu. Baadaye wodi za wagonjwa za nyumba hizo zilijaa wazee. Waliitwa wagonjwa wa kudumu, na jina hilo likawa kama hukumu: asiyetazamiwa kupona hatibiwi.

Katika mwaka 1935 hospitali ya West Middlesex, magharibi mwa London, ilikabidhiwa wodi za namna hiyo zilizokuwa jirani yake, na Daktari Warren akapewa dhamana ya wagonjwa 714. Aliwakuta wengi wao wamelala mchana na usiku, wala hawakupata kuchunguzwa vema. Wenye maradhi mbalimbali walichanganywa pamoja, na waliopotewa na akili walilazwa kando ya wenye akili timamu. Viungo vilikakamaa kwa kutonyooshwa, na ngozi ilitoka vidonda kwa kulaliwa.

Daktari huyu hakuanza kwa dawa mpya. Alimpima kila mgonjwa peke yake, akataka kujua: Mtu huyu ana ugonjwa gani, na ni jambo gani awezalo kulifanya bado? Kisha akawagawa kwa kadiri ya mahitaji yao. Aliyeweza kuketi aliketishwa. Aliyeweza kusimama alisimamishwa. Mwenye kiharusi alifundishwa upya kutembea. Wodi zilipakwa rangi ya kupendeza na kutiwa mwanga zaidi. Wengi waliodhaniwa kuwa hawatatoka humo ila kwa jeneza walirudi makwao au walihamia makao ya wazee. Si wote waliopona. Lakini hata waliobaki kitandani walistahili ugonjwa wao ujulikane na maumivu yao yapunguzwe.

Hapo ilidhihirika kuwa baadhi ya udhaifu ulioitwa uzee ulikuwa maradhi yanayotibika, na baadhi ulikuwa matokeo ya kulazwa mno. Daktari Warren aliyaandika hayo katika majarida ya waganga mwaka 1943 na 1946, akitaka wazee wapewe nafasi yao katika hospitali kuu, na wanafunzi wa uganga wafundishwe kuwatibu. Mwaka 1947 chama cha waganga wa wazee kiliundwa, naye akiwa miongoni mwa waanzilishi.

Hata hivyo, elimu ikitangulia, desturi hufuata kwa kuchechemea. Sheria ya mwaka 1948 iliifuta ile sheria ya maskini. Lakini mtaalamu Peter Townsend, aliyezuru makao 173 ya wazee na kutoa kitabu chake mwaka 1962, aliwakuta wengi wangali wakiishi ndani ya kuta zile zile za nyumba za maskini, mbali na jamaa zao na bila kazi ya kushika. Wengi wao wangaliweza kukaa makwao kama wangalipata msaada.

Wahenga walisema: Penye wazee haliharibiki neno. Sisi tuliolelewa kwa methali hiyo twajua kumwamkia mzee na kumpisha kiti, na ni vema. Lakini mzee wetu aachapo kutembea, au asahaupo majina ya wajukuu, upesi twasema, "Ni uzee tu," nasi twamwacha alale. Ndivyo walivyoambiwa wale wa West Middlesex, na kwa wengi wao haikuwa kweli. Heshima iliyo kamili humpeleka mzee akapimwe.