Risala: Badri na Uhud kwenye mabanda ya Turiani

Kwenye mabanda ya video ya Madizini, Turiani, filamu za vita hazikukosa watu. Msimu wa kuvuna miwa ulipopamba moto kiwandani Mtibwa, wakata miwa walitoka shambani na masizi bado yako mikononi, wakalipa kiingilio, wakabanana kwenye mabenchi mbele ya runinga moja. Rambo walimwona, na kung fu ya Wachina pia. Lakini Ramadhani baada ya tarawehe, au Maulidi yakikaribia, mkanda uliowekwa ulikuwa Risala, na hapo hata wazee wasiokanyaga bandani walikuja. Nakumbuka mzee mmoja aliyekaa benchi la mbele. Kila aliyetokea kwenye kioo alimtaja kabla hajafungua kinywa: huyu Abu Sufiani, huyu Hindi binti Utba, yule pale Wahshi, mtazameni mkuki wake. Kiingereza hakukijua, na filamu ilikuwa ya Kiingereza.

Risala, filamu ya kisa cha Mtume Muhammad, ilitoka mwaka 1976. Aliyeiongoza ni Moustapha Akkad, mzaliwa wa Aleppo, Syria, aliyehamia Marekani kusomea filamu. Aliipiga mara mbili kwa wakati mmoja. Waigizaji wa Kiingereza wakimaliza onyesho, wanatoka, wanaingia wa Kiarabu na kulirudia palepale, kwenye mapambo yaleyale. Hamza bin Abdulmutwalib, ami yake Mtume, akaigizwa na Anthony Quinn upande mmoja na Abdullah Gaith upande wa pili. Hindi akawa Irene Papas, kisha Mona Wassef.

Mtume Muhammad (S.A.W.) haonekani wala sauti yake haisikiki. Kamera inasimama mahali pake, na watu wanazungumza wakiielekea. Sayyidna Ali naye haonekani. Vitani tunaona upanga wake tu, wenye ncha mbili. Kwa maoni yangu hapo ndipo filamu ilipopata nguvu yake, maana mtazamaji analazimika kuwatazama waliomzunguka Mtume: walioamini, waliopinga, na waliosita.

Vita viwili ndivyo vinavyoibeba filamu. Badri vilipiganwa Ramadhani ya mwaka wa 2 Hijria, yaani Machi 624. Waislamu walikuwa kiasi cha 313, wana ngamia 70 na farasi wawili. Makureshi wa Makka walikaribia 1,000. Waislamu waliwahi kuvishika visima, na kwenye jangwa lile mwenye maji amekwishashinda nusu ya vita. Kabla majeshi hayajakabiliana walitoka watatu kwa watatu: Hamza, Ali na Ubaida dhidi ya Utba, Shaiba na Walid. Utba alikuwa baba yake Hindi. Aliuawa, na binti akabaki na kisasi.

Mwaka uliofuata, chini ya mlima Uhud nje ya Madina, kisasi kililipwa. Wapiga mishale 50 waliwekwa kilimani na kuamriwa wasiondoke, liwe liwalo. Walipoona Makureshi wanakimbia, wengi wao wakateremka kugombea ngawira. Khalid bin Walid, wakati huo bado upande wa Makka, akazunguka nyuma na wapanda farasi wake. Waislamu kiasi cha 70 walikufa, Hamza miongoni mwao. Bandani, wapiga mishale wale walipoanza kuteremka, watu walipiga kelele za kuwazuia.

Aliyemuua Hamza ni Wahshi, mtumwa Mhabeshi aliyeahidiwa uhuru kwa kazi hiyo moja. Ndiyo maana naiona Risala kuwa filamu yetu pia. Afrika Mashariki imo ndani ya kisa, wala si kwa kupita tu. Kabla ya Hijra, kiasi cha mwaka 615, Waislamu walioteswa Makka walivuka bahari kukimbilia kwa Najashi, mfalme Mkristo wa Uhabeshi. Jaafar bin Abi Talib akasimama mbele yake akamsomea aya za Mariamu, na Najashi akakataa kuwatoa wageni wake. Kwenye filamu anachora mstari ardhini kuonyesha tofauti ya dini hizo mbili ilivyo ndogo. Turiani, ambako misheni ya Mhonda ipo tangu karne ya 19 na Waislamu na Wakatoliki wanazikana na kuozana, onyesho hilo halikuhitaji mfasiri.

Na yupo Bilali, Mhabeshi mwingine aliyekuwa mtumwa, aliyelazwa juani na jiwe kifuani ili aikane imani yake. Mwaka 630, Makka ilipofunguliwa, ndiye aliyepanda juu ya Kaaba kuadhini. Katika filamu ya Kiingereza aliigizwa na Johnny Sekka, mzaliwa wa Dakar. Mwanamume mweusi, juu kabisa, sauti yake ikiushukia mji mzima: kwa kijana wa Turiani wa miaka ile, aliyezoea kumwona Mwafrika wa sinema akibeba mizigo ya mzungu, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Mzee wa benchi la mbele alivijua vita hivi kutoka darsani na kwenye Maulidi. Pwani, vita vya zama za Mtume vilikuwa vimeimbwa kwa Kiswahili muda mrefu kabla ya kamera. Mwengo bin Athumani wa Pate alitunga Utendi wa Tambuka, ambao hati yake ni ya mwaka 1728, beti zaidi ya 1,100 juu ya vita na Herekali, mfalme wa Rumi. Kisa chake kinaanzia kwenye kifo cha Jaafar huko Muuta, Jaafar yuleyule wa kwa Najashi. Utenzi wa Vita vya Uhud, ulioandaliwa na Haji Chum, ulichapishwa na East African Literature Bureau mwaka 1962, miaka 14 kabla ya Risala.

Kuikamilisha Risala, Akkad mwenyewe alihangaika. Alianza kupiga picha Morocco, serikali ikamsimamisha kwa shinikizo la Saudi Arabia. Akahamia Libya, Gaddafi akamwezesha kumaliza. Machi 1977, watu wenye silaha walivamia majengo matatu Washington wakashika mateka zaidi ya 100, na mojawapo ya madai yao ni filamu iondolewe kwenye majumba ya sinema. Mwaka 2005 aliuawa na bomu la magaidi hotelini Amman, pamoja na binti yake, akiwa bado anatafuta fedha za filamu ya Salahuddin. Sinema ziliporuhusiwa tena Saudi Arabia, mwaka 2018, Risala ilisafishwa upya ikaonyeshwa huko wakati wa Idi.